Tulipoacha Kuisikia Walikale

Chumba chetu cha redio kilikuwa nyuma ya depo ya maharagwe pale Mweso, kando ya barabara iendayo Kitshanga. Kilikuwa na mlango mmoja, dirisha lisilo na kioo, meza ya mbao za mkaratusi, mabenchi mawili, na redio ya kijivu ya kuongea na watu wa mbali, ambayo kwetu kila mtu anaiita fonie. Fonie ilikula umeme wa betri ya gari, na betri ilijazwa na paneli ya jua iliyofungwa juu ya bati. Mwenye depo alikuwa mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo, mtu wa kusali kabla ya kufungua kufuli. Tulimwita Patron. Mimi nilikuwa mtu wa fonie, na kwa sababu hiyo watu walisahau kwamba nina jina lingine. Hata walionizidi umri waliniita Papa Fonie.

Miaka ile ilikuwa ya vita, na mnara wa simu ulikuwa haujafika milimani kwetu. Kizuizi cha barabarani kiliweza kuwa cha watu hawa jioni na cha watu wengine asubuhi. Mtu hakuuliza njia ni nzuri ao mbaya; aliuliza ni ya nani. Jibu lilipatikana kwenye fonie, saa moja ya asubuhi, wakati wa mwito.

Mwito ulikuwa na utaratibu wake. Stesheni zilikuwa nne: Goma, Butembo, sisi Mweso, na kijiji kimoja cha msituni upande wa Walikale, ambacho hewani tulikiita Walikale tu. Kila stesheni ilitaja hali ya njia na watu walio safarini, kisha tukapokezana ujumbe wa familia. Mtoto amezaliwa. Bibi amezikwa. Usije bado. Nilikuwa na daftari la mistari, na mbele ya kila stesheni niliandika namba ya usikivu, kuanzia moja hadi tano. Tano maana yake mtu anaongea kama yuko kwenye benchi. Moja maana yake unajua kuna mtu, lakini hujui anasema nini.

Walikale haikuwahi kupata zaidi ya mbili. Mashine yake ilikuwa ndogo, antena yake ilikuwa chini ya miti mikubwa, na katikati yetu kulikuwa na milima. Goma haikuisikia kamwe, kwa sababu mji una nyaya nyingi na mota nyingi. Butembo nayo haikuisikia. Sisi peke yetu ndio tuliokuwa daraja lake: ilisema kwetu, sisi tukasema kwa wengine. Mwenzangu wa kule alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache, na kwa miaka miwili nilimjua kwa sauti tu. Nilikuwa nafumba macho nikimsikiliza. Sauti yake ilikaa chini kabisa ya uvumi wa hewa, kama kokoto chini ya maji, na ukishazoea unaiona.

Kulikuwa na desturi ambayo hatukuipima kamwe kama ni ya haki. Stesheni ikiitwa mara tatu bila kujibu, anayeita anasema hewani: "Haiko. Tunafunga." Kisha anaandika mstari daftarini. Na stesheni iliyofungwa ndiyo yenye kosa. Haijawahi kuingia akilini mwa mtu yeyote kwamba aliyeita anaweza kuwa kiziwi.

Nje ya dirisha letu wanawake walikaa kuchambua maharagwe ya depo. Mmoja wao alikuwa mkulima wa kilima kilicho juu ya Nyabiondo, aliyekimbia na watoto wanne na kupanga chumba karibu na hospitali. Bwana yake alikuwa dereva wa pikipiki. Alibeba chumvi, sabuni na mafuta mpaka mahali pikipiki inapoishia, na kutoka pale alibeba mwenyewe. Mama huyu alikuwa na vidole vya haraka sana. Aliweza kugeuza uso akiongea na wewe, na mkono wake ukaendelea kutoa mawe kwenye ungo bila kukosea. Kila asubuhi alikaa mahali palepale, chini ya dirisha, kwa sababu alitaka kusikia njia.

Ordinatere, yaani kompyuta, ilifika kutoka Goma ndani ya gunia la maharagwe, ili ikivuka vizuizi ionekane kama mzigo wa kawaida. Ilikuwa ya kukunja, iliyotumika tayari, herufi mbili zimetoka kwenye vibonye vyake. Ilikuja na printa ndogo, na sharjeri nyeusi ya ukubwa wa kipande cha sabuni, yenye waya mnene, na kisanduku cha kugeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumba. Patron aliiweka mezani kando ya fonie kwa mikono yake miwili.

"Sasa hakuna tena kuandika na bik," aliniambia. "Ujumbe unaingia, wewe unapiga humo moja kwa moja. Kila muntu na karatasi yake."

"Ndiyo, Patron."

"Na uiwashe mapema. Mwito ukianza, iwe iko tayari."

Niliiwasha mapema. Kila siku saa kumi na mbili na nusu niliunganisha sharjeri, nikafungua kifuniko, nikasubiri mwanga wa buluu. Nilijisikia mtu wa ofisi. Wakati huo huo uvumi wa fonie ukaongezeka, lakini uvumi wa fonie huongezeka na kupungua kama mvua, nami nilikuwa nimechoka kuufuatilia. Ulikuwa na mlio mpya, kama mafuta ya mawese yanapopokea muhogo mbichi. Nikasema ni majira.

Walikale ikashuka kutoka mbili hadi moja. Siku chache baadaye nikaandika sifuri, namba ambayo haikuwemo katika utaratibu wangu. Goma ilisikika vizuri, Butembo ilisikika vizuri. Nikajiambia: sikio langu ni zima, basi kinywa chake ndicho kibovu. Nikaita mara tatu, nikafunga. Kesho yake nikaita mara tatu, nikafunga. Nilimpa hata mashauri, nikiongea peke yangu kama padri kwenye kanisa tupu: aongee polepole, akaze waya, asitumie betri kwa taa.

Patron alipouliza, nilijibu bila kusita. "Batri yake imekufa. Njo vile batri inakufaka. Sauti inapunguka, inapunguka, inaisha."

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyowahi kuona, mara moja, miaka mingi nyuma, kwa stesheni nyingine. Sikumwuliza mtu. Sikuwa na wa kumwuliza.

Patron alikuwa na mali yake kule na watu wake kule, na bila sauti ya Walikale alikuwa anatuma watu gizani. Akatoa betri moja ya akiba, kubwa, yenye mshikio wa kamba. Akamwita bwana ya yule mama. Nilikuwepo wakati anakabidhiwa. Alikuwa mwanaume mfupi, mpana mabegani, mwenye kovu la kuunguzwa na bomba la moshi la pikipiki kwenye mguu wa kuume. Aliiinua betri kidogo, akairudisha chini.

"Patron, hii ni batri ao ni mbuzi?"

"Mbuzi angetembea mwenyewe," Patron akasema, na watu wakacheka.

Mtu mmoja kwenye benchi akaongeza: "Mupatie ile ordinatere iibebe. Wanasema inajua kila kitu."

Mke wake hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi. Alinigeukia mimi, si Patron. "Papa Fonie, ni kweli ni batri?"

"Ni batri, Mama."

"Hakuna kitu ingine?"

"Ni batri."

Bwana yake aliondoka kesho yake asubuhi. Pikipiki mpaka Nyabiondo, kisha miguu, betri mgongoni ndani ya mfuko uliofungwa na mipira ya tairi. Tulihesabu siku sita, pamoja na siku moja ya mvua. Akifika, betri itafungwa, Walikale itaongea, na neno la kwanza litakuwa kwamba amefika. Ndivyo tulivyopanga. Kwa hiyo kila mtu alijua tunasubiri nini.

Siku ya tatu Goma ilisema kuna mapigano mbele ya Nyabiondo, na watu wanashuka kuelekea huku. Siku ya nne familia za kwanza zilipita barabarani na magodoro. Nilitoka nje na daftari nikauliza kila aliyekuwa na nguvu ya kujibu: mmemwona mwanaume mfupi aliyebeba betri? Mmoja alisema alimwona mwenye mzigo wa mraba, lakini mbali. Mwingine alisema hakuna aliyekuwa anapanda. Wote walikuwa wanashuka. Niliandika yote mawili.

Siku ya sita ikaja, na ya saba, na ya nane.

Mama alikuwa anafika kabla yangu. Nilipofungua dirisha nilimkuta tayari amekaa, ungo mapajani.

"Mwamuka, Papa Fonie."

"Mwamuka, Mama."

Kisha alichambua maharagwe mpaka mwito uishe.

"Walikale inasema nini?"

"Hatukuisikia. Iko makelele tu."

"Jana ulisema vile vile."

"Njo vile iko, Mama."

Siku ya tisa nilijaribu kusema kitu cha kumtuliza, kwamba labda waya wa kufungia betri umekosekana kule. Akaniangalia kama mtu anayeangalia maharagwe yenye wadudu. "Papa," akasema, "usinitafutie maneno. Nitafutie sauti."

Nilirudi mezani. Nataka niandike kwa ukweli kwamba sikuwa na huzuni kubwa saa ile. Nilikuwa na uchovu. Nilikuwa nimemaliza mwito, nilikuwa na ujumbe kumi na moja wa kupiga kwenye mashine, mwingi ukiwa wa watu wa kambi za Kashuga wanaotafuta watoto, na mgongo uliniuma. Fonie niliiacha imewashwa kwa mazoea. Nikaanza kupiga herufi, kwa vidole viwili.

"Umefanya nini?" mama akauliza kutoka dirishani.

"Naandika."

"Ile mulio imebadirika."

"Mulio gani?"

"Ya fonie. Ukigusa ile kitu, inasema tre-tre-tre. Ukiacha, inarudia kukaanga." Aliweka ungo chini. "Kila asubuhi iko vile. Nilifikiri unajua."

Nilitaka kumwambia asiingilie. Nilikuwa nimefungua mdomo. Lakini nikagusa kibonye kimoja, nikakiacha, nikakigusa tena, na uvumi wa fonie ukanijibu kila mara, kama mbwa anayemjua bwana wake.

Nikafunga kifuniko cha kompyuta. Tre-tre-tre ikaisha, mafuta yakabaki. Nikazima mashine kabisa. Mafuta yakabaki. Basi si hiyo, nikasema kwa sauti, na ninakumbuka kwamba nilifurahi. Halafu nikaona kitaa kidogo cha kijani kwenye sharjeri. Nikaivuta.

Unajua jinsi mvua kubwa inavyokatika ghafla juu ya bati, na watu ndani ya nyumba wanagundua kwamba walikuwa wanapiga kelele? Ndivyo ilivyokuwa. Nikazima na kisanduku cha kugeuza umeme, uvumi ukashuka tena kidogo. Kilichobaki kilikuwa ile hewa ya zamani, nyembamba, ambayo sikuwa nimeisikia tangu mashine ilipofika.

Nilichukua daftari la mwito nikalirudisha nyuma ukurasa kwa ukurasa. Kufika kwa kompyuta sikukuandika humo. Kulikuwa kwenye daftari la mizigo, kwa sababu ilikuja kama gunia. Nikaweka madaftari mawili sambamba. Siku ya kwanza ya Walikale kushuka ilikuwa siku ya kwanza ya mimi kuwasha mapema. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa, kwa mwandiko wangu, vizuri, katika vitabu viwili ambavyo sikuwahi kuvifungua pamoja.

"Njo hiyo?" mama akauliza.

"Njo hiyo."

"Basi muite."

"Saa imepita, Mama. Anafungua saa moja tu, kwa kuchunga umeme. Mpaka kesho."

Mama aliokota ungo wake, akakaa, na mkono ukaanza kutembea. Alichambua mpaka jioni. Nafikiri hajawahi kuchambua maharagwe safi kama ya siku ile.

Kwa Patron nilieleza jioni hiyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, ila yeye pia alikuwa amechoka. Alishika sharjeri, akaigeuza. "Hii inaharibu ile?" Akaonyesha fonie kwa kidevu. "Na mimi nimetuma muntu na batri?"

"Ndiyo, Patron. Ni mimi nilisema."

"Ni wewe ulisema," akakubali, akatoka kwenda kufunga kufuli.

Asubuhi chumba kilijaa. Habari ilikuwa imetembea. Sikuwasha kitu chochote isipokuwa fonie. Goma, tano. Butembo, nne. Kisha nikaita Walikale, na kabla sijaita mara ya pili akajibu. Mbili. Ileile mbili yake ya siku zote, chini ya maji.

Sauti ilikuwa imekauka. "Mweso, Mweso, ninawasikia. Ninawasikieni kila siku. Mnasema haiko, mnafunga. Mimi niko hapa. Kila asubuhi ninajibu. Nimepiga kelele mpaka watoto wa shule wananicheka. Napitisha."

Napitisha ni neno la kumwachia mwenzako zamu. Ilikuwa zamu yangu. Nilibonyeza kitufe nikamwuliza jambo moja tu: mtu aliyebeba betri.

"Yuko hapa. Amefika juzi. Mguu umevimba. Alizunguka na porini kwa sababu ya vita. Kila asubuhi anakaa hapa kando yangu anasikia mkimtafuta. Napitisha."

Kwenye benchi watu walipiga makofi. Mama aliingia kwa mlango, mara ya kwanza kuingia ndani ya chumba kile, mikono yake ikiwa na vumbi jeupe la maharagwe. Nilimwonyesha jinsi ya kushika kisemeo. Alikishika kama kijiko cha moto.

"Papa ya batoto," akasema.

Uvumi. Kisha sauti nyingine, nene zaidi. "Mama. Niko."

"Unakula?"

"Ninakula. Samaki ya mutoni. Usinicheke, nimeanza kuipenda."

"Mguu?"

"Mguu uko mukubwa kama wa tembo. Utapona. Batoto?"

"Wako. Mudogo ameota jino." Alisahau kuachia kitufe, nikamgusa mkono, akaachia.

"Sikia," mwanaume akasema. "Njia imefungwa nyuma yangu. Siwezi rudia sasa. Na hii batri... Mama, hapa wana batri. Iko mupya kupita hii yangu. Nimebeba mbuzi siku nane kuileta mahali kuko ng'ombe. Ni nani alisema batri imekufa?"

Watu wa chumbani waligeuka kwangu. Wote walikuwa wananijua, na wote walikuwepo siku ile. Mama alinitazama, kisemeo kikiwa kinywani, kwa muda ambao kwenye fonie ni mrefu sana.

"Ni batu ya huku," akajibu.

Wakati wao ukaisha, mwalimu akafunga, nami nikaandika: Walikale, mbili, njia imefungwa.

Njia ilibaki imefungwa miezi mitano.

Katika miezi hiyo nilifanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya mwanzoni. Patron hakutaka kuiacha mashine, na alikuwa na haki: karatasi zilizopigwa ziliheshimiwa kwenye vizuizi kuliko mwandiko wa bik, na majina ya watoto waliopotea yalisomeka vizuri kambini. Kwa hiyo ilibidi kompyuta na fonie vijifunze kukaa nyumba moja. Nilichukua redio ndogo ya mkononi, ile ya kusikiliza habari, nikaiweka kwenye masafa matupu, nikatembea nayo chumbani kama mtu anayetafuta kilichooza. Karibu na sharjeri ilipiga yowe. Kando ya waya wake mrefu, yowe. Kwenye waya wa antena, pale ulipopita juu ya meza kabla ya kutoka dirishani, yowe pia. Hapo nilielewa kwamba kelele ilikuwa inapanda kwenye antena yangu mwenyewe, kwa sababu niliivuta karibu ili kuokoa waya.

Nilihamisha kompyuta kona ya mbali ya chumba. Nikaipa betri yake peke yake, ili isinywe kisima kimoja na fonie. Kutoka kwenye televisheni iliyokufa nilitoa pete nyeusi ya chuma inayokaa shingoni mwa waya, nikaupitisha waya wa sharjeri humo mara nyingi kadiri ulivyoingia. Nikaondoa antena kwenye bati, nikaivuta hatua arobaini hadi mkaratusi wa nyuma, nikausokota waya wake wa kurudi kwenye fonie na kuuzika ardhini. Nikachomeka fimbo ya chuma mahali penye unyevu, karibu na bomba la kunawia, nikaiunganisha fonie nayo kwa waya. Baada ya kila hatua nilirudi, nikasikiliza, nikaandika namba. Hatua nyingine hazikusaidia kitu. Pete ilisaidia zaidi ya yote, kuhamisha antena ikafuata, na fimbo sikuona tofauti yake ila niliiacha.

Mwisho wake, kompyuta ikiwashwa, Walikale ilikuwa moja badala ya sifuri. Si ushindi. Kwa hiyo tukaweka sheria: saa ya mwito, mashine ilale, sharjeri iwe imechomolewa.

Msimamizi wa sheria hiyo alikuwa mama. Sikumwomba. Kila asubuhi, kabla ya kushika ungo, aliingia, akaenda konani, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha kompyuta kama anayepima homa ya mtoto. Ikiwa baridi, alitoka kimya. Siku moja ilikuwa na joto kidogo, kwa sababu Patron alikuwa amefanya kazi mapema.

"Papa Fonie, huyu ameamuka."

"Nimeshamulaza, Mama. Ni joto tu ya kubaki."

"Acha ipoe," akasema. Tulisubiri, na Goma ilikasirika kwa kuchelewa kwetu.

Alizungumza na bwana yake mara mbili kwa juma, dakika mbili kila mara. Nilijaribu kutosikiliza, lakini kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Walizungumza habari za kuni, za kodi ya chumba, za mtoto wa pili aliyekataa shule. Hawakutaja betri tena.

Kisha asubuhi moja mwanaume alisema: "Njia inapumua. Tunatoka kesho, batu sita." Mwalimu akathibitisha kwamba wameondoka. Na baada ya hapo siku kumi na moja bila neno.

Siku hizo kumi na moja zilikuwa mbaya kuliko zile tisa za kwanza. Zamani tulikuwa na kelele ya kulaumu. Sasa hewa ilikuwa safi, Walikale ilisikika mbili, na mwalimu alisema kila asubuhi, wazi, kwamba hajui. Mama aliendelea kupima mashine kwa kiganja. Ilikuwa baridi kila siku.

Siku ya kumi na mbili, jua likiwa juu, nikipiga karatasi za mizigo, mtu alisimama mlangoni. Alikuwa amekonda, mabega yake tu ndiyo yaliyobaki mapana. Pikipiki aliyoiacha Nyabiondo hakuikuta. Mama alikuwa nyuma yake, ameshika mkono wa shati lake kana kwamba kuna watu wengi wanaomvuta.

"Batri nimewaachia," akasema, kabla ya salamu. "Sasa wako nazo mbili."

Nilisimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwa miezi mitano. "Papa, ni mimi nilisema ni batri."

"Najua. Mwalimu alisikia yote hewani, mashauri yako yote." Alikaa kwenye benchi, akanyoosha mguu ule. "Mama anasema ilikuwa kitu ya hapa hapa. Nionyeshe."

Nikaenda konani, nikavuta sharjeri kwenye kisanduku, nikamletea ikiwa bado ina joto. Aliipokea kwenye kiganja. Akaipandisha na kuishusha, mara mbili, mara tatu, kama mtu anayepima sabuni sokoni.

"Haka kadogo?" akauliza.

"Njo hako."

Akaipima tena. Kisha akanirudishia, akaomba maji ya kunywa.